Kadinali Otunga: Mtoto wa chifu aliyezeekea katika nyumba ya wazee

Leo naomba mniruhusu nitoke kidogo nje ya Pwani, niwafikishe Kisii na Nyamira, kisha niwarudishe Kilifi. Mtu nitakayemsimulia si sheikh wala mzee wa kaya. Ni askofu wa Kanisa Katoliki aliyefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita. Najua wapo watakaouliza kulikoni Mwislamu wa Mombasa kuandika habari za kadinali. Nawaomba subira, maana haya yanatuhusu sote.

Ninaye mwenzangu wa kazi hapa Mombasa, mzaliwa wa Nyamira. Tumekula chumvi pamoja miaka mingi. Usiku mmoja alipigiwa simu kwamba mamake ameanguka ghafla, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia havisogei. Nilimsindikiza. Tulipanda basi hadi Nairobi, tukashuka Bonde la Ufa, tukapita Narok na Bomet, hadi tukafika Keroka, pale ambapo Kisii na Nyamira zinapakana. Mtu wa Pwani akifika huko huona ajabu. Ni vilima mtindo mmoja, migomba na majani chai hadi mlangoni kwa mtu, na baridi ya kumfanya mtu alale na soksi.

Mama tulimkuta hospitalini. Daktari alikuwa amekwisha kusema ni kiharusi kilichotokana na presha, ambayo huenda alikuwa nayo kwa miaka bila kupimwa. Lakini nyumbani habari ilikuwa nyingine. Kulikuwa na minong'ono kwamba shangazi wa mwenzangu, mjane mzee anayeishi boma la pili, ndiye aliyehusika. Sababu zao zilikuwa kwamba ana macho mekundu, hutembea alfajiri peke yake, na waliwahi kugombana na mgonjwa juu ya mpaka wa shamba. Jioni watu walikusanyika kumwombea mgonjwa, na katika maombi hayo kijana mmoja akasema ameonyeshwa ndotoni aliyeleta ugonjwa. Hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja, kwa sababu macho yote yalielekea boma la pili.

Mimi mgeni nilikaa kimya, moyo ukinidunda. Wagusii humwita mchawi omorogi, na neno hilo likishatamkwa kijijini halirudi mdomoni. Mwaka 2008 watu 11, wengi wao kina mama wazee, waliuawa na kuchomwa moto katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 2021, huko Marani, kina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo.

Aliyevunja kimya kile alikuwa mzee wa kanisa, katekista mstaafu, mwenye fimbo na koti kuukuu. Alisema yeye alipokea kipaimara miaka ya 60, na aliyemwekea mikono kichwani ni Askofu Otunga. Akawauliza wale vijana kama wanajua askofu yule alimalizia wapi maisha yake. Wengi hawakujua. Akawaambia alimalizia katika nyumba ya wazee maskini, akiwa mzee miongoni mwa wazee. Kisha akawauliza, ikiwa uzee ndio uchawi, mbona yule hatukumwita mchawi?

Usiku ule sikulala. Niliporudi Mombasa nikaanza kutafuta habari za mtu huyu.

Maurice Michael Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma, katika jamii ya Wabukusu. Babake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mkubwa enzi za ukoloni, mwenye wake wengi, watoto wengi, ng'ombe na sauti. Mtoto alizaliwa katika nyumba ya kufuata mila za Kibukusu, si nyumba ya Kikristo. Alibatizwa mwaka 1935, akiwa kijana wa miaka 12, baada ya kupitia mikononi mwa wamishonari wa Mill Hill waliokuwa wakiendesha shule na misheni katika eneo lote la magharibi mwa Kenya.

Akaingia seminari, akasoma Kenya na Uganda, kisha akapelekwa Roma. Katika safari hiyo ndipo lilipomjia jambo ambalo wengi wetu lingetushinda. Babake alitaka arithi kiti cha uchifu. Kwa wakati ule chifu alikuwa ndiye serikali. Alikusanya kodi, alikata kesi, na watu walisimama alipopita. Kijana akakataa. Hakumtukana babake wala kuwakimbia watu wake, ila alishikilia kwamba njia yake ni nyingine. Alipewa upadre Roma tarehe 3 Oktoba 1950.

Hapo nilisimama nikafikiri. Sisi Waislamu tukikwama baina ya mambo mawili huswali istikhara, tukamwomba Mwenyezi Mungu atuelekeze lenye heri. Wakristo nao hufunga, huomba, na hutafuta ishara. Katika uamuzi wa Otunga naona alama moja ya mwongozo ulio safi. Ulimnyima yeye mwenyewe kitu alichoweza kukipata, na haukumdhuru mtu mwingine. Linganisha na ndoto ya yule kijana wa Nyamira. Ndoto ile haikumgharimu yeye chochote, ila ingemgharimu mjane roho yake.

Baada ya kurudi, Padre Otunga alifundisha seminari kwa muda mfupi. Halafu, na hili wengi wetu hatulijui, aliletwa hapa kwetu Mombasa. Katikati ya miaka ya 1950 ofisi ya mjumbe wa Papa kwa eneo hili ilikuwa Mombasa, na Otunga akafanya kazi humo hadi 1956. Kwa hivyo mtu huyu alikunywa maji ya kisima chetu, akasikia adhana zetu alfajiri, akala samaki na wali wa nazi kama sisi. Sijui kama wapo wazee waliobaki wanaomkumbuka kijana yule wa kanzu nyeupe, lakini alikuwa jirani yetu.

Novemba 1956 aliteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, na Februari 1957 akawekwa wakfu. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa askofu Mkatoliki, wakati nchi bado iko chini ya Mwingereza na hali ya hatari ya vita vya Mau Mau haijaondolewa. Mei 1960 Kisii ilikatwa kutoka Kisumu ikawa jimbo lake lenyewe, na Otunga akawa askofu wake wa kwanza, akiwa na miaka 37.

Msidhani Kisii ya wakati ule ilikuwa kazi nyepesi. Jimbo lilikuwa pana kuliko lilivyo leo. Mbali na Wagusii wa Kisii na Nyamira, lilikusanya Wajaluo wa Nyanza Kusini na Wakuria wa mpakani mwa Tanzania. Homa Bay ilitengwa kuwa jimbo lake mwaka 1993 tu. Askofu mwenyewe alikuwa Mbukusu, hakuwa wa kabila lolote kati ya hayo. Wakatoliki walikuwa wamefika Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1911, lakini Waadventista nao walikuwa wamefika mapema na kushika mizizi, hata leo ukipita Nyamira Jumamosi utadhani ni sikukuu. Kwa hivyo alikuwa kiongozi mgeni, katika ardhi ya makabila matatu na makanisa yanayoshindana, na uhuru wa nchi unagonga mlango.

Alikaa humo miaka tisa. Bendera ya Mwingereza iliteremshwa mwaka 1963 akiwa askofu wa Kisii. Ni katika miaka hiyo hiyo alipokuwa akisafiri kwenda Roma kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkubwa wa maaskofu wa dunia nzima uliofanyika baina ya 1962 na 1965. Mkutano ule ndio uliofungua mlango wa ibada za Kikatoliki kufanywa kwa lugha za watu badala ya Kilatini. Mtu wa Nyamira akaweza kusikia misa akimtaja Mungu kwa jina analolijua, Nyasae. Na ni mkutano ule ule uliotoa tamko la kuwataka Wakatoliki wawaheshimu Waislamu, na kuyasahau magomvi ya kale. Otunga alikuwa miongoni mwa waliokaa katika ukumbi huo, askofu kutoka vilima vya Kisii.

Mwaka 1969 alihamishiwa Nairobi kuwa msaidizi mwenye haki ya kurithi, na mwaka 1971 akawa askofu mkuu. Machi 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kadinali, wa kwanza kutoka Kenya. Mwaka 1978 mapapa wawili walifariki mmoja baada ya mwingine katika muda wa wiki chache, na Otunga akaingia mara mbili katika chumba wanamofungiwa makadinali kumchagua Papa. Tangu 1981 alikuwa pia askofu wa wanajeshi wa Kenya. Alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru Kenya mara tatu, 1980, 1985 na 1995. Mtoto aliyekataa uchifu wa Bungoma alifika mahali ambapo machifu wote wa nchi wasingefika. Lakini waliomjua husema kwamba aliishi kwa kujinyima, na hakuwa mtu wa fahari.

Sitaki kumfanya malaika. Zama za chama kimoja, maaskofu wengine walisimama hadharani kuikemea serikali, na baadhi ya watu walimwona Otunga kuwa mpole kupita kiasi. Wapo waliotaka sauti yake ingurume, na yeye alikuwa mtu wa sauti ya chini.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu maradhi. Mwaka 1996, wakati ukimwi unamaliza watu, kadinali alishiriki kuchoma moto kondomu na vijitabu vya mafunzo ya ukimwi jijini Nairobi. Aliamini kwamba dawa ni uaminifu katika ndoa na kujizuia, na kwamba mipira ile inafungua mlango wa zinaa. Tusijifanye wageni wa msimamo huo, maana viongozi wengi wa Kiislamu walikuwa na fikra hizo hizo, na hapa Mombasa tulizisikia kwenye mimbari. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa. Mimi nimezika jamaa na marafiki wa miaka ile. Kuhimiza watu waache zinaa ni haki ya kila kiongozi wa dini, na mimi naunga mkono. Lakini kuchoma elimu ya maradhi wakati watu wanakufa, hapo naona alikosea, yeye na wale wa upande wetu waliofikiri kama yeye. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mungu. Mtu mwema naye huweza kukosea katika kutafuta mwongozo, na ndiyo maana hatufai kumfuata mwanadamu kwa kufumba macho.

Mwaka 1997 alistaafu. Kadinali anapostaafu haachwi barabarani. Angeweza kupata nyumba nzuri, gari na watumishi. Otunga alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, makao yanayosimamiwa na masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa na mwanamke aliyeitwa Jeanne Jugan, ambaye mwaka 1839 alimchukua bibi kizee kipofu, akampa kitanda chake mwenyewe. Tangu hapo masista hao huwatunza wazee maskini wa dini zote, na huishi kwa kuombaomba sadaka, sokoni na madukani. Hapo ndipo alipochagua kukaa kadinali wa kwanza wa Kenya, pamoja na wazee wasio na watoto wa kuwatunza.

Afya yake ilidhoofika. Aliugua kama wanavyougua wazee wote, akalishwa na kusaidiwa kama wenziwe. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003, akiwa na miaka 80. Alizikwa kwanza Msongari, katika makaburi ya St Austin's walimolala wamishonari na mapadre, na baadaye mabaki yake yakahamishiwa Resurrection Garden huko Karen, ambako Wakatoliki huenda kumzuru. Kanisa limekwisha kufungua njia ya kumtangaza kuwa mtakatifu, na kwa sasa humwita Mtumishi wa Mungu.

Katika habari zote za Otunga, si ukadinali ulionigusa, ni ile miaka yake ya mwisho. Kwa sababu nikiutazama Pwani wetu, naona aibu.

Kilifi yetu haina tofauti na Kisii katika hili. Miaka nenda miaka rudi wazee wa Kilifi na Kwale wanakatwa mapanga, wengine na watoto wao wa kuzaa, kisha inasemwa ni wachawi. Ukichunguza, mara nyingi utakuta kuna shamba. Mzee hajagawa ardhi, au ameigawa na mmoja hakuridhika, na mtoto mmoja akiugua kifafa au akifa ghafla, sababu imepatikana. Kule Ganze, Kaya Godoma imegeuka kimbilio la wazee waliokimbia nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Mvi zilikuwa heshima, sasa vijana wanazifanya ushahidi wa uchawi.

Nami nina kisa changu. Nyanya yangu aliyenilea alikuwa na macho mekundu. Watoto wa mtaa walimkimbia na kumwita mchawi, na mimi, Mungu anisamehe, siku moja nilikimbia pamoja nao ili nisichekwe. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kwamba macho yale yaliharibiwa na moshi wa kuni. Miaka 50 alipuliza moto kutupikia. Aliyekula vyakula vile ni mimi.

Dini haina kosa katika haya, bali namna tunavyoitumia. Mwaka 2023 tuliona kule msitu wa Shakahola watu zaidi ya 400 wamefukuliwa makaburini, wengi wao waliofunga hadi kufa kwa kuamini kwamba hayo ni maagizo ya Mungu. Tuliwacheka Wakristo wakati ule, baadhi yetu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaomtoa mgonjwa wa kisukari hospitalini wakampeleka kwa mganga anayejiita sheikh, akasomewa na kunyweshwa kombe, sindano ikaachwa hadi mguu ukaoza? Kusoma Qur'ani kwa ajili ya mgonjwa ni kheri. Kumwachisha dawa si kheri. Mtume alitufunza kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa na dawa yake. Nabii Ayub, amani imshukie, aliugua muda mrefu, mali na watoto vikaondoka, na katika kisa chake chote hatusikii akimtafuta jirani wa kumlaumu.

Kwa hivyo mimi nimejiwekea kipimo, nanyi mkipenda mkichukue. Mtu akija na kusema Mungu amemwonyesha jambo juu ya mgonjwa, natazama ni nani atakayeumia jambo hilo likifuatwa. Likiwa linamtaka yeye mwenyewe ajitolee, alipe hospitali, akeshe na mgonjwa, asamehe deni, nitamsikiliza. Likiwa linataka bibi kizee fulani afukuzwe au auawe, sitamsikiliza hata akiwa amefunga siku 40. Ombi langu kwa maimamu wetu ni khutba moja tu juu ya hili, Ijumaa yoyote, hasa katika misikiti ya Kilifi na Kwale. Na ombi kwa mapadre na wachungaji ni hilo hilo.

Mnataka kujua yaliyotokea Nyamira. Baada ya maneno ya katekista watu walitawanyika kimyakimya. Usiku ule ule mzee yule na mkewe walimchukua shangazi wakamlaza kwao. Asubuhi mwenzangu aliwaita ndugu zake wote, akawapeleka hospitalini, akamwomba daktari awaeleze kwa Ekegusii kiharusi ni nini na presha ni nini. Kisha wote wakapimwa. Wawili kati yao, akiwemo yule kijana wa ndoto, walikutwa na presha ya juu, na akapewa dawa.

Mama sasa anatembea kwa fimbo, ingawa maneno yake bado ni mazito. Shangazi amerudi bomani kwake, lakini si kila mtu anayemsalimia. Mwenzangu hutuma pesa za dawa kila mwezi, na huzituma kwa simu ya shangazi. Nilimuuliza kwa nini asizitume kwa ndugu zake. Akanijibu kwamba anataka kijiji kizima kione ni nani anayemnywesha mamake dawa.

Wabillahi tawfiq.